Daftari la Chumba cha Picha

Mtoto alitupwa na punda kwenye kona ya Langoni,
pale kichochoro kinapobana hata vivuli hupishana kwa zamu.
Lali, miaka mitatu, kilo kumi na mbili na nusu,
uvimbe kipajini kama ndimu.
Nikamlaza. Nikabonyeza. Mashine ikazunguka, ikanyamaza.
Ubongo salama, nikasema, tumshukuru Mungu.

Mamake, Mwanakheri, muuza tambi, hakuinuka.
"Unga naupima kwa kibaba," akasema,
"iliki naihesabu punje kwa punje.
Mwangaza hunu uliomtia mwanangu kitwani,
ni kiasi gani?"

Nilikuwa na diploma ukutani, kioo cha risasi mbele yangu,
miaka tisa ya kubonyeza.
Namba ilikuwapo, pembeni mwa skrini, ndogo kama chawa.
Hamsini na nane.
Hamsini na nane: ndiyo nyingi? Ndiyo chache?
Nikajibu kama tunavyojibu tusiojua:
"Kidogo tu, mama."

Jioni nikanunua daftari la mistari.
Tarehe. Umri. Uzito. Namba.
Binti wa Matondoni aliyeangukiwa na dafu.
Mwashi wa Shela aliyeteleza juu ya dari.
Miezi mitatu, wino wa bluu, kisha mweusi bluu ilipoisha.
Na pambizoni, siku ya mvua, stima imekatika:

    Mwanga hauna harufu,
    hautii mtu hofu,
    wapita mwili dhaifu
    pasi kuacha jeraha.

Kisha Kadzo Mwangome, mtu wa fizikia, akatuita Malindi,
vyumba kumi na viwili vya picha, kila kimoja na daftari lake.
Hakuuliza nani bora.
Alitaka namba ya katikati ya kila chumba,
akazipanga ndogo hadi kubwa, kama watoto gwarideni,
akahesabu tisa, akachora mstari.
"Robo tatu yenu mko chini ya hapa.
Aliye juu ajiulize kwa nini."

Changu kilikuwa juu. Cha mwisho kabisa,
karibu kianguke nje ya karatasi.
Hakuna aliyecheka. Mtu wa Kilifi alinisogezea sahani ya mahamri.

"Mstari huu ni wa kundi," Kadzo akasema, "si wa mtu mmoja.
Muoka mofa wa kilo mia na thelathini
atauvuka, na avuke, mwili wake unadai.
Wala msikimbilie chini hadi picha iwe ukungu
mkairudia: hizo ni dozi mbili na ujinga mmoja."

Nikarudi Lamu, nikafungua tumbo la mashine.
Chini ya neno Mtoto,
namba zile zile za Mtu Mzima.
Fundi alizinakili, akawahi ndege yake.
Miaka sita tumewavika watoto kanzu za baba zao
na hakuna aliyeona zinavyoburura chini.

Sasa Mtoto ni ishirini na saba.
Picha ina chembechembe, kama uji uliokorogwa kwa haraka;
daktari hunung'unika,
kisha huona alichokuwa akikitafuta.

Mwanakheri alipopita na kapu lake la tambi
nikamwambia namba zote mbili.
Alihesabu kwa vidole, polepole, kimya.
"Basi ulimzidishia."
"Nilimzidishia."
Akaniwekea tambi mezani.
Nikadhani ni msamaha,
mpaka aliponyoosha mkono kudai shilingi zake.

Daftari sasa linakaribia jalada la nyuma.
Jina la kwanza ni Lali.
Kabla yake kuna ukurasa niliouacha mtupu,
na wageni wakiniuliza husema nilikosea kufungua.
Usiku, mashine ikishapoa, huufungua.
Najaribu kukumbuka walau uzito wao.